Buti Chini ya Kitanda Chako

Nakumbuka siku niliyowapeleka wageni kwenye korongo la mama zetu, mwanangu, na nimeikumbuka zaidi tangu juzi, nilipoinama kutafuta kandambili zangu nikakuta buti mpya za kijeshi chini ya kitanda chako. Zilikuwa bado kwenye mfuko wa plastiki wa sokoni Warwick, hapa Durban. Fundi wa simu hahitaji buti za namna ile, Fiston. Mama yako, dada yangu, anadhani Jumamosi unapanda basi kwenda kutafuta kazi Johannesburg, na mimi sijamwambia kitu. Nasimama Sydenham na koti langu la njano nikilinda magari ya watu, na jana nilimwelekeza dereva arudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

Nilipokuuliza, hukuinua macho kwenye simu uliyokuwa unaifungua. Ulisema, "Mujomba, kule kwetu batu banakufa kila siku. Miye niko hapa nabadilisha vioo vya simu. Vraiment, kweli, ni maisha gani?"

Niliogopa, na nikiogopa huwa natukana, kwa hiyo nilikwenda kufua soksi. Leo nakujibu.

Nilikuwa na umri kama wako jeshi la nchi jirani lilipovuka mpaka likateka milima yetu kule Kivu. Vijana tuliingia porini na mapanga na bunduki chache. Kupigana hatukujua, tulijua kukasirika tu. Ndipo wakaja wale wageni. Walikuwa askari wa nchi nyingine, wamefukuzwa kwao, na walikuwa na ugomvi wao wa zamani na jeshi lile lile. Walikuwa na silaha na redio, na vita walivijua kama mama anavyojua jiko lake. Walitufundisha kuvizia barabarani, na baada ya mwezi adui akaanza kuogopa kupita. Sitakudanganya, bila wao tungemalizwa mapema. Tuliwapenda sana.

Sasa, kwetu mgeni akifika, kijana wa nyumba humtembeza. Humwonyesha kisima, choo, njia ya shambani, kila kitu. Kumficha mgeni mahali ni kumwambia kwamba humwamini. Mkubwa wao, mtu mcheshi aliyeniita petit, yaani mdogo, aliniuliza kama kuna maji mengine karibu. Nikampeleka korongoni. Mwanangu, korongo lile ndilo mama na watoto walilokimbilia wakisikia risasi. Lilikuwa na mapango na maji, na mlango wake mmoja ulifunikwa na mianzi. Nilimwonyesha kwa maringo, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga mwenyewe.

Wiki iliyofuata walihamia humo na masanduku yao ya risasi. Akina mama wakaambiwa wasije tena, watavuta macho ya adui. Sisi vijana tukawa wabeba mizigo, na amri zikaanza kutolewa kwa lugha tusiyoijua. Wakaweka kizuizi njiani, na mama zetu hawakupita mpaka waache unga kidogo. Nani angelalamika? Tuliwakaribisha wenyewe.

Jeshi liliposhambulia, watu walikimbilia korongoni kama walivyozoea. Walinzi wakawarudisha. Wakabaki kwenye mihogo, peupe. Mdogo wetu Furaha alikuwa na miaka tisa. Mama yako amekuambia siku zote kwamba alikufa kwa homa. Mimi ndiye niliyemwomba aseme hivyo.

Wageni waliondoka siku ya tatu. Mkubwa wao alinishika mkono, na naamini alihuzunika kweli. "Pole, petit," alisema. "Siye vita yetu iko mbele." Wakapanda mlima wakaenda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kwao tu, na kwao hakukuwa pale.

Kaburi nilichimba na mzee Byamungu, jirani yetu. Aliinamia jembe lake, akasema, "Ulitembeza mugeni vizuri. Lakini ulimupa chumba ya batoto, na haukuuliza batoto batalala wapi." Akaendelea kuchimba. Ningefurahi kama angenipiga.

Fiston, wewe unadhani unarudi nyumbani. Umezaliwa Durban. Kizulu chako kinanyooka kuliko Kiswahili chako, na jina la kilima chetu unalitamka vibaya hata mimi nacheka. Ukishuka kule na buti zako utakuwa mgeni mwenye hasira na bunduki, asiyejua njia. Ila njia utaonyeshwa. Atatokea kijana mwenye adabu, atakupenda, atakushika mkono akupeleke mahali watoto wanapojificha. Huyo ndiye anayeninyima usingizi.

Hasira yako ni ya haki, siidharau. Wasaidie waliokimbilia huku, wapigie simu walioachwa kule, uwasikilize wanataka nini hasa. Lakini usiingie na bunduki katika vita ambavyo wewe unaweza kuviacha na wenzako hawawezi. Kabla hujamsaidia mtu kupigana, muulize watoto wake watalala wapi, na usiondoke mpaka akujibu. Na leo jioni tukae na mama yako. Wewe umwambie habari ya Jumamosi, mimi nitasema habari ya Furaha. Naogopa kuliko wewe.

Mungu akutulize damu, mwanangu. Akuzeeshe. Akupe magoti ya kulalamikia na wajukuu wa kukucheka ukilalamika, na mlango wako uwe wa kufungulia watu usiku wowote. Leo mvua inanyesha Sydenham, na buti nimezivaa mimi. Zinanibana, lakini nitazivaa hivyo hivyo mpaka Jumamosi ipite.