Sikuacha Kazi, Niliachishwa

Msimamizi aliyenifukuza alikuwa mtu wa Mombasa, na ndiyo maana sijamsamehe. Angekuwa Mmarekani ningesema hanijui. Huyu alikuwa akila pilau yangu kila Iddi, mkewe akiniita wifi, na jikoni kwenye mgahawa ule wa mtaa wa Shaw, Washington DC, tulikuwa tukisengenya wateja kwa Kiswahili ili wengine wasituelewe.

Tulikosana kwa sababu ya saa za kazi. Aliniandikia pungufu ya nilizofanya, nami nikamuuliza mbele ya wapishi. Jioni ile nikiwa nimeshafika nyumbani Adelphi, upande wa Maryland, akanitumia ujumbe: "Dada, kesho usije. Wala keshokutwa. Ratiba ishapangwa bila wewe."

Nikaamua kuomba malipo ya serikali ya waliopoteza kazi. Jirani yangu, mama wa Kikenya aliyewahi kuyaomba, alinikuta nimefungua tovuti ya Maryland.

"Hapo siyo," akasema. "Unaomba pale ulifanya kazi, si pale unalala. Wewe ni wa DC."

Nikaomba DC. Ofisi ikanipigia, mkalimani akiwa kwenye laini, Mkongo mwenye Kiswahili cha Bukavu. Waliuliza kilichotokea. Nikasema niliachishwa kazi. Yeye akawaambia kwa Kiingereza kwamba niliacha kazi. Nililisikia. Kiingereza changu si cha kuhutubia watu, lakini hilo nililisikia, nikanyamaza kwa kuona haya kumsahihisha mtu mzima kazini kwake. Haya hizo zilinigharimu majuma saba.

Barua ikaja: nimenyimwa, kwa kuwa nimeacha kazi kwa hiari yangu bila sababu ya msingi. Msimamizi naye alikuwa ameulizwa, akajibu hivyo hivyo. Mkalimani alikosea. Yule mwingine alijua anachosema.

Nikakata rufaa, ikasikilizwa kwa simu. Msimamizi alikula kiapo, kisha kwa Kiingereza chake laini akaeleza jinsi nilivyovua aproni, nikaitupa, nikaondoka. Akaongeza kwamba jambo hilo lilimuuma roho, maana nilikuwa kama dada yake. Jirani, aliyekuwa ameketi kando yangu, akanishikia simu.

Picha ya ujumbe wake nilikuwa nimeshaituma. Mwamuzi, mwanamke wa sauti kavu, akamuuliza msimamizi kama namba ile ni yake. Akakubali. Mwamuzi akamwambia ausome kama alivyouandika, na mkalimani wa siku hiyo, mama mmoja mtulivu, atafsiri.

"Dada," akaanza, akakwama.

Mwamuzi akamwambia aendelee. Akausoma wote kwa sauti ndogo, na mkalimani akautafsiri bila kupunguza wala kuongeza. Akajitetea kwamba alimaanisha siku mbili tu. Mwamuzi akamuuliza siku ya tatu nilipangiwa zamu gani. Sikumwonea huruma hata chembe.

Nilishinda. Kisha nikaona kiasi, hasira ikaanza upya.

Hawaangalii ulichokuwa ukilipwa ulipofukuzwa. Wanaugawa mwaka kwa robo, miezi mitatu mitatu, wanarudi nyuma robo tano zilizokwisha na kuhesabu nne za mwanzo. Robo ya mwisho wanaiacha. Kwangu hiyo ndiyo niliyofanya kazi kama punda, zamu mbili kwa siku. Katika zile nne wanachukua yenye mapato makubwa kuliko zote, wanaigawa kwa ishirini na sita, na hicho ndicho chako kwa wiki. Robo ina wiki kumi na tatu, kwa hiyo ni nusu ya mshahara wa zamani, uliokuwa mdogo tangu hapo.

Jirani ndiye aliyegundua kwamba mishahara ya kazi yangu ya awali, kwenye kantini ya chuo kule Fairfax, haikuonekana kwenye karatasi ya hesabu, kwa sababu ililipwa Virginia. Hakuna aliyeniambia kwamba naweza kuomba iunganishwe na ya DC. Nilipopiga simu, karani akanijibu kwamba sikuuliza. Nikamuuliza mtu anaulizaje asichokijua. Akanipa fomu. Iliongeza kidogo, ikatosha kodi ya nyumba bila umeme.

Kila wiki nilithibitisha kwamba natafuta kazi, na kweli nilitafuta, hadi nikapata ya kufua mashuka hotelini.

Kabla ya hapo mke wa msimamizi alinipigia. Hakuniita wifi. Alisema nimemwaibisha mumewe kwa wakubwa wake, na kwamba watu wa kwetu humalizana ndani.

"Mumeo aliapa uongo mbele ya wageni," nikamwambia. "Ndani ya nini tena?"

Akaanza kulia. Nilimsikiliza kidogo, kisha nikakata simu nikaenda kupika.