Nilivyokata jina la dada yangu kwenye karakana ya vitabu Gitega

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sipunguzi wala siongezi, hata pale ninapojiaibisha nimepaacha palivyo.

Mimi ni wa Muyinga, ila nimekulia kambini Tanzania. Sasa hivi niko Gitega, nasomea kutengeneza vitabu kwa njia za majaribio. Ndiyo, fani hiyo ipo, msicheke.

Siku ya kwanza karakana nilibaki mdomo wazi.

Kuna mashine inachapa rangi moja moja, ukitaka nyekundu na bluu unapitisha karatasi mara mbili. Kuna herufi za madini ya risasi unazipanga kwa mkono, zote zimegeuka kama unaziona kwenye kioo. Kuna beseni kubwa, mabaki ya karatasi yanalowekwa humo, yanapondwa, yanatoka karatasi mpya.

Karatasi mpya, wakuu! Niliishika nikataka kulia.

Basi nikapata kiburi. Likizo nikamwambia mama nitamchapia upya kitabu chake cha nyimbo za kanisani, kile alichorudi nacho kutoka kambini. Kurasa zilikuwa zinaning'inia. Alisita sana. Mwisho akakifunga kwenye kitenge, akasema, "Kirudi salama."

Sasa, ili uskani kurasa haraka ziingie kwenye kompyuta, unakata mgongo wa kitabu, kurasa zinaachana. Pale karakana kuna utaratibu: kabla ya kukata kitabu cha mtu, unakipitia ukurasa kwa ukurasa na mwenzako. Mimi nikaona ni kupoteza muda, nyimbo ni nyimbo tu.

Nikakata. Vipande vya mgongo nikavitupa kwenye beseni.

Nusu saa haijafika, mama huyo kwenye simu. "Ukifika wimbo wa arobaini uende taratibu. Ndani kabisa, karibu na uzi, nimemwandika Neema."

Neema ni dada yangu aliyefia kambini akiwa mchanga. Hana picha, hana cheti. Mama aliandika watoto wake wote humo, upande wa ndani, maana kingo za nje zinachanika.

Nikajibu, "Sawa mama."

Nikatafuta ukurasa. Imebaki "ma" peke yake.

Nikamkimbilia fundi wetu, Madamu Espérance, mama wa Giheta asiyependa maneno mengi. Nikamweleza.

"Karabaye," akasema kwa Kirundi, yaani yameshatokea, akakunja mikono ya shati. "Aliandika na biki ao crayon?"

"Penseli, Madamu."

"Bon. We uko na bahati. Wino ingeisha mu maji. Sasa toa mikono yako, umeshafanya ya kutosha."

Akavitoa vipande kimoja kimoja kwa kijiti cha mwanzi, akavilaza juu ya kioo. Nimeona mashine za ajabu pale, lakini vidole vya yule mama, wakuu, sina la kusema. Hakuchana hata kimoja. Vilipokauka akaviunga na kurasa zake kwa gundi ya unga wa muhogo na karatasi nyembamba kwa nyuma. Siku tatu nzima, mimi namkorogea gundi tu.

Neema akarudi. Ila kipande kilicholowa kilikuwa kimetanuka, "Nee" ikakaa juu kidogo ya "ma". Nikataka kunyoosha kwenye kompyuta.

"Wacha hivyo," Madamu akasema. "Mama yako ajue ilikatwa."

Nikachapa nyimbo kwa bluu, maandishi ya mama kwa nyekundu. Nakala kwa kila ndugu yangu. Kile cha zamani tukakishona upya.

Muyinga nilikiri kila kitu kabla mama hajafungua kitenge. Alifungua wimbo wa arobaini kwenye cha zamani, kisha kwenye kipya, kisha kipya kingine, akavipanga vyote mkekani.

"Vyote vina Neema?"

"Vyote, mama."

Akasema, "Nilikuwa naogopa, siku nikifa mimi hakuna atakayejua alikuwepo."

Kisha akanipa kimoja. "Hiki mpelekee dada yako mwingine, kule Kobero, leo leo. Na yeye akae na Neema."

Nililia njia nzima, sifichi.

Funzo langu: kitabu cha mtu kipitie chote kabla ya kisu. Na wazee wetu waliotoka kambini, waulizeni waliandika nini, na wapi.

Kwenu majina yaliandikwa kwenye nini? Mlangoni, kwenye Biblia, kwenye sanduku? Tiririkeni hapo chini, nasoma kila moja.