V ni Arobaini na Moja

Sweta langu lilinuka moshi wa samadi, moshi wa zizi la baba kule Kasansa, na kila nilipolivaa wasichana wa bweni walisogeza vitanda vyao. Ilikuwa miaka ya tisini, nipo Kidato cha Pili mjini Mpanda. Sikuwa na wa kukaa naye, nikakaa na fizikia. Tulipatana vizuri, mradi iwe na namba. Kisha mwalimu akatupa swali la gari lenye kasi ya mwanzo u, mchapuko a na muda t, tutafute kasi ya mwisho, v. Nilitafuta namba, sikuziona, nikazitengeneza: u ni herufi ya ishirini na moja, a ya kwanza, t ya ishirini. Nikazidisha a kwa t, nikajumlisha u, v ikawa arobaini na moja.

Mwalimu alisoma kazi yangu kwa sauti. "Haya, dada, na v yenyewe ni herufi ya ngapi?"

"Ya ishirini na mbili, mwalimu."

"Sasa gari lako linakwenda kwa kasi ipi?"

Darasa zima lilicheka. Kuanzia hapo, bombani nilisikia, "Arobaini na Moja, sogeza ndoo!" Lakini kilichoniumiza zaidi ni onyo la mwalimu: atakayefeli jaribio la Ijumaa hatasoma fizikia Kidato cha Tatu.

Alhamisi jioni nilikaa peke yangu nyuma ya maabara, ng'ombe wa mtu wakapita, nikamkumbuka baba. Hakuwahesabu wake kamwe; aliamini kuhesabu kunaleta mkosi. Alisimama mlangoni mwa zizi, akatazama, akasema, "Mabaka hajaingia," na kweli ng'ombe huyo hakuwepo. Ndipo nikaelewa. Ile u ilikuwa jina tu. Unaweza kumswaga ng'ombe, ukamtenga na wenzake, ukamrudisha, bila kujua uzito wake.

Ijumaa, kwenye jaribio, liliangushwa jiwe lenye tungamo m kutoka kimo h, tutafute kasi yake likifika chini. Niliswaga herufi zangu polepole; m ikajifuta yenyewe pande zote mbili za mlinganyo. Nikaacha jibu bila namba. Mwalimu alitia vema. Bwenini hakuna aliyeniuliza nimepata nini.

Leo nafundisha fizikia. Mwanafunzi akilalamika, "Madam, mbona jibu halijaisha?" naketi kando yake mpaka aone kwamba limeisha. Baba alishafariki, zizini vimebaki vigingi. Watu huniuliza alikuwa na ng'ombe wangapi. Sijui. Nawajua majina, na nani alizoea kuchelewa kuingia.