Damu Isiyowekwa Kwenye Barafu

Kazi yangu hapa Doha ni kuzungusha damu kwenye mashine mpaka itengane. Maabara yetu inatafiti homoni za figo na jinsi zinavyopandisha na kushusha presha, na wageni wakitutembelea huonyeshwa mchoro mzuri wa rangi wa mzunguko huo ulio ukutani. Mimi mchoro huo nauchukia, na nitaeleza kwa nini.

Mdogo wangu alikuwa mlinzi wa geti la maghala huko mtaa wa Abu Hamour. Kila Ijumaa alikuja kula ugali chumbani kwangu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na kila Ijumaa nilimpima presha kabla sijampakulia. Ilikuwa juu. Akapewa dawa, ikabaki juu. Akaongezewa nyingine, ikang'ang'ania palepale kama mgeni asiyejua kuaga.

"Lakini unakunywa maji kweli?" nilimuuliza siku moja.

"Dada, nikikunywa maji si nitakojoa? Na nikienda kukojoa, nani atashika geti? Supavaisa akipata geti haina mtu, khalas, imeisha, niko kwa ndege ya kurudi nyumbani."

Hivyo ndivyo walinzi wengi ninaowajua wanavyofanya kazi wakati wa joto. Wanalowesha midomo tu mpaka wa zamu nyingine afike. Miguu ikiwauma kwa kusimama, wanameza vidonge vya maumivu, vilevile ambavyo figo hazivipendi. Wote wanajua na wote wananyamaza, kwa sababu geti lina thamani kuliko kibofu cha mtu. Hasira yangu juu ya jambo hili haijapoa hata leo.

Figo ni kiungo chenye wasiwasi. Ikiona damu inayoifikia imepungua, huamini kwamba mwili unakauka. Hapo hutoa homoni ambayo nayo huamsha nyingine, mishipa inakazwa, chumvi na maji vinazuiwa visitoke, na presha inapanda. Mwenye afya huokolewa na hilo. Kwa mwenye figo zilizokwisha kupata makovu, presha ileile huzidi kuziumiza, nazo huzidi kuiita presha. Huo ndio mchoro wa ukutani; niliyasoma haya chuoni na mtihani wake nilifaulu vizuri.

Utafiti wetu ulipohitaji watu ambao presha yao haisikii dawa, nilimpeleka mdogo wangu. Nilikuwa na tumaini langu. Kuna wagonjwa wenye kivimbe kidogo kwenye tezi iliyo juu ya figo. Kwa hao homoni ya figo huonekana chini kabisa, na kivimbe kikiondolewa wengi hupata nafuu kubwa. Basi nikamwombea ndugu yangu kivimbe. Hebu fikiria, dada mtu anapiga magoti kuomba uvimbe.

Majibu yalitoka, na homoni ilikuwa juu sana; basi si kivimbe, ni figo zenyewe.

Nikashikilia kosa la barafu. Damu ya kipimo hiki haiwekwi kwenye barafu. Ikipoa kabla ya kuzungushwa, homoni iliyokuwa imelala humo huamka, na kipimo husoma zaidi ya ukweli. Wageni wa kazi hii hukosea hapohapo, maana sampuli nyingine nyingi tunazikimbiza kwenye barafu. Nikamfuata mfanyakazi mwenzangu aliyeipokea, Mganda mmoja, mtu mpole na mgeni maabarani, nikamvaa bila hata salamu.

"Uliiweka kwa barafu. Sema uliiweka."

"Sista, sikuweka. Ilikaa kwa meza, na wewe ulikuwa pale."

Nilitamani anidanganye. Tukarudia kipimo, na safari hii niliibeba damu mwenyewe, ikiwa bado na joto la mwili wake. Jibu halikubadilika. Picha ilipopigwa, figo zote mbili zilikuwa zimenywea. Daktari wetu alimweleza taratibu, akasema hakuna njia ya kujua kipi kilianza, presha, joto au vidonge. Mdogo wangu aliuliza swali moja tu, kama atarudi getini.

Hakurudi. Yuko nyumbani Kenya, anasafishwa damu kwa mashine, na maabara inaendelea na wengine. Asubuhi naingia, nazungusha damu za watu nisiowajua, najibiwa kile ninachokijua tayari. Sina tumaini la kumpa. Nikisema nitalipata, nitakuwa namdanganya.

Kwa kuwa mkojo wake umekauka, maji anayokunywa hupimwa, vikombe vidogo vichache kwa kutwa nzima. Ijumaa hunipigia simu. Zamani tulikuwa na mengi ya kuzungumza, tukiwacheka watu wa kwetu mmoja baada ya mwingine. Siku hizi ana ombi moja.

"Dada, uko na maji hapo?"

"Niko nayo."

"Ya baridi?"

"Ya baridi."

"Kunywa nisikie."

Nafungua chupa karibu na simu, nakunywa. Yeye husikiliza mpaka chupa iishe, kisha husema, "Asante, dada," na kukata.