Mikono Yetu Juu ya Chuma

Hadi leo sijui kama asubuhi ile Mungu alitusikia au alitucheka.

Kulikuwa na tishari, jukwaa la chuma linaloelea, kwenye Ziwa Nakivale, na juu yake mtambo wa kuchimba. Kazi yetu ilikuwa kuchimba mfereji chini ya maji, bomba lilale humo na kupeleka maji kijijini kwetu, katika kambi ya wakimbizi. Mtambo wenyewe ulikuwa mdogo. Ukikuta chini kugumu, bomba lingehamishiwa ng'ambo, kwa wengine, na mke wangu angeendelea kuchota maji ufukweni penye viboko. Niliutaka udongo laini kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Injinia alikuja kila siku kutoka Ruti, Mbarara, na kompyuta yake. Kijiko cha mtambo kikigusa sakafu ya ziwa, aliweka sifuri. Kikididimia, kompyuta ilipima nguvu iliyotumika na kina kilichofikiwa, ikachora rangi papo hapo: kijani kwa udongo laini, nyekundu kwa mgumu. Mimi nilikuwa na upondo tu, mti mrefu wa kuchomea chini ya maji, na kiganja changu.

Sisi watu wa Kivu ya Kusini, Kongo, hatuanzi kazi bila kuiombea, na kinachoombewa hushikwa. Siku ile, kijiko kikiwa kimeshagusa sakafu, sisi vibarua wote wanane tuliuegemea mkono wa mtambo, nami nikaongoza. Niliomba udongo laini, kwa kirefu, maana mimi nikianza kusali sijui pa kukomea. Tukatawanyika, kijiko kikasukumwa chini, kompyuta ikawa kijani tupu. Wenzangu wakapiga haleluya. Nikazamisha upondo. Uligonga ukarudi.

Nilichanganyikiwa. Nikasogea, nikachoma tena: kugumu vilevile. Nani mwongo hapa, kompyuta, kiganja, au imani yangu? Nilitamani kunyamaza, tena sana. Lakini mtambo ulianza kuguna, meno ya kijiko yakikwaruza. Yakivunjika, hata wa ng'ambo wasingepata maji.

"Madame, huku chini kuko nguvu," nikamwambia injinia.

"Wewe mzee, kompyuta inasema iko laini."

"Mukono yangu inakatala."

Akauchukua upondo, akachoma mwenyewe, akakunja uso. Kisha akatutazama tulivyosimama, huyu huku, yule kule. "Hii sifuri niliweka wakati gani?"

Wakati wa sala. Uzito wetu ulikuwa umeinamisha tishari. Tulipotawanyika likainuka, kijiko kikaachana na sakafu bila kompyuta kujua. Upana wa kiganja wa maji matupu ukahesabiwa kuwa matope.

"Ombeni tena," injinia alisema, "lakini kila mtu abaki mahali yake."

Tukaomba tukiwa mbalimbali. Sikujua niombe nini, nikasema amina haraka. Sifuri ikawekwa upya, kijiko kikashuka. Nyekundu.

Jioni nilikutana na mke wangu njiani na dumu lake.

"Maji itafika kwetu ao hapana?"

"Hapana."

"Na hamukusali?"

"Tulisali," nikasema. Nikampokea dumu, nikaenda kuchota mwenyewe.