Mahali pa Kumpeleka Baba Kuwinda Nyati

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia bila kuitwa, hasa magoti yanaponiuma na usingizi wa mchana umenikataa. Baba yangu, Mzee Wandera, babu yako unayemjua kwa picha tu, alivuka mpaka wa Busia kutoka upande wa Kenya akaja kwangu Sikuda, upande wa Uganda, nilikoolewa. Alinikuta nabambua karanga. Akavuta kigoda, akachota konzi moja, akaanza kubambua nami kimya kimya. Baba hakuwa mtu wa kubambua karanga. Nikajua ana neno.

"Nekesa," akasema baadaye, "nataka kwenda kuwinda mara moja tena. Nyati. Na chui, Mungu akijalia. Wewe na ndugu yako nichagulieni mahali. Mimi nimechagua mambo mengi maisha haya, nimechoka kuchagua."

Nakusimulia haya, Ouma, kwa sababu jana ulikuja na simu yako ukanionyesha picha za nyati wenye mapembe makubwa, ukasema unataka kumpeleka baba yako, ndugu yangu Egesa, akawinde nyati na chui kabla umri haujamzidi. Ukaniuliza, "Shangazi, nimpeleke wapi?" Nikakwambia nimechoka, uje leo. Nilikuwa nimechoka kweli. Ukubwa jalala, kila mtu huja na swali lake akalimwaga hapo. Lakini swali lako silitupi, kwa maana liliwahi kuwa langu.

Babu yako alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Ujana wake aliwinda kwa kibali huko Kenya, siku ambazo kibali kilikuwa kinatolewa. Serikali ilipoufunga uwindaji, aliiweka bunduki chini na hakuwahi kuiba hata digidigi. Nyati alikuwa amempata mmoja. Chui hakuwahi. Alikwenda kumngoja mara nyingi akarudi mikono mitupu, na akawa anamtaja jinsi mwanamume anavyomtaja mchumba aliyeolewa na mwingine. Basi aliposema "na chui, Mungu akijalia," nilijua lipi ni ombi na lipi ni kisingizio.

Mimi na baba yako tukaketi kushauriana. Egesa wakati huo, usinune nikisema, alikuwa kijana wa kifua kipana, anaendesha lori la mbao na kulala popote. Alikuwa amesikia kwa madereva wenzake habari za pori moja la milima kusini kabisa mwa Tanzania.

"Huko nyati ni kama siafu," akaniambia. "Na chui wapo. Wote wawili mahali pamoja. Kwa nini tumpeleke Mzee mahali pa nusu?"

Nami nilitaka Baba awapate wote wawili. Mtoto akimpenda mzazi humwona hana mwisho. Akipenda, chongo huita kengeza. Tulichobakiza ni kumtafuta mtu wa kutuongoza, na mtu huyo alikuwa Tororo. Aliitwa Owor, mwindaji mwenye leseni, Mjopadhola mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye nyumba yake ilitazamana na ule mwamba mkubwa wa mji wao. Tukamwendea. Egesa akamweleza habari za pori la kusini, urefu wa pembe, wingi wa chui, mpaka chai ikapoa.

Owor alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Nani anakwenda?"

"Baba yetu," nikajibu.

"Hilo nimesikia. Nauliza ni nani." Alipoona hatumwelewi, akasema, "Muniletee Mzee. Nataka kutembea na yeye kidogo. Tukutane Busitema, pale njia inaingia msituni."

Egesa alinung'unika njia nzima kurudi Busia. Alisema mtu huyo anajitafutia umuhimu.

Siku ya kutembea Baba alivaa viatu vyake vya zamani vya porini, amevipaka mafuta mpaka vinang'aa. Owor alimwamkia kwa heshima, wakaongozana mbele, mimi na Egesa nyuma yao. Ilikuwa njia tambarare, kivuli kizuri, nyani wamekaa kando wakitutazama kama watu wa forodha. Baba alianza kwa mwendo wa haraka, kifua mbele. Tulipokwenda kitambo akasimama, akauelekeza mkono kwenye mti.

"Nekesa, huu ni mti gani?"

"Mvule, Baba."

"Eeh. Mvule." Akautazama sana, kisha akaendelea. Hatukufika mbali akasimama tena. "Na ule?"

Nikamtajia. Akauliza wa tatu. Ulikuwa mvule tena. Hapo nikaelewa, mwanangu. Baba aliyapasua magogo ya mvule tangu sijazaliwa. Ni yeye aliyenifundisha kuujua kwa gome na kwa harufu. Hakuwa anauliza mti. Alikuwa anatafuta pumzi, na aliona aibu kuitafuta mbele yetu. Nikaona mkono wake umeshika kiuno, na midomo imefifia rangi. Akakohoa, akageukia upande, akajifanya anatema mdudu.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Sikutaka kuwa wa kumvua. Kwa hiyo kila aliponiuliza mti nilimjibu taratibu, na nikaongeza maneno, huu hufaa milango, ule huliwa na mchwa, ili apate nafasi. Owor naye alikuwa ameona kabla yangu. Alikuwa akisimama mwenyewe kila baada ya muda, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikulegea.

Tulipotoka msituni, Baba akaketi kwenye gari kunywa maji. Owor akatuita kando. Hakupandisha sauti.

"Nyinyi munaniambia pembe. Munaniambia chui ni wengi. Mzee wenyu hamujaniambia. Iko na kifua namna hii, na mulikuwa munampeleka milimani?"

"Tutamzungusha kwa gari," Egesa akasema.

"Hakuna nyati wa gari. Nyati unamwinda kwa miguu, chui unamwinda kwa makalio. Huyu wa kwanza unamfuata tangu asubuhi, pengine mpaka jua la kichwa. Huyu wa pili unamtundikia nyama mtini, unakaa kwenye kibanda cha majani bila kukohoa, bila kujikuna, mpaka aje au asije. Mzee hawezi kutembea sana, na hawezi kukaa bila kukohoa. Sasa mutamchagulia mahali gani?" Akatutazama mmoja mmoja. "Tena mnyama ukimjeruhi, unamfuata. Ndiyo sheria ya kazi yetu. Akijeruhi nyati kule kwenye kichaka kizito, anayeingia ni mimi. Na mimi iko na watoto."

Egesa alikasirika. Alisema, kama ni hivyo, basi safari isiwepo kabisa, kwa sababu kumpeleka Mzee mahali pa nusu ni kumwambia amekwisha. Nami nilianza kulia, machozi ya hasira kwa kuwa wote wawili walisema kweli.

Hatukujua Baba alikuwa ameshuka garini. Alikuwa amesimama nyuma yetu, chupa ya maji mkononi.

"Egesa," akasema, "wewe unanichagulia safari ya kusimuliwa. Mimi nataka safari ya kwenda."

Akamgeukia Owor. "Mwenzangu, usinifiche. Kuna mahali pangu?"

Owor akavua kofia. "Pako, Mzee. Karamoja, kule chini kwenye tambarare. Majani mafupi baada ya moto, unaona mbali. Nyati wanakuja kwenye maji asubuhi, tutatembea kidogo tu na kupumzika. Zahanati haiko mbali. Siahidi pembe kubwa. Lakini chui..." Akatikisa kichwa. "Kibali cha kule ni cha nyati peke yake."

Malori ya mafuta yalikuwa yakipita barabara kuu, moja baada ya jingine, Baba akayatazama yote. Nilijua anaaga kitu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini hana kinyongo, "Mshika mbili moja humponyoka. Twende kwa nyati."

Tukaenda kiangazi kilipokaribia kwisha. Nilikwenda nao kwa sababu nilikataa kubaki. Kambi ilikuwa hema chache chini ya migunga, upepo mwingi, vumbi mpaka kwenye uji. Asubuhi ya kwanza tulikuta dume moja zuri. Owor alipima upepo kwa kimfuko cha majivu, akamsogeza Baba polepole, akamwekea magongo ya kuegemeza bunduki. Mimi na baba yako tulikuwa nyuma, tumelala kifudifudi. Niliona mgongo wa Baba ukipanda na kushuka, kupanda na kushuka. Haukutulia. Akainua kichwa, akamrudishia Owor bunduki.

"Pumzi haijakaa," akanong'ona. "Sitaki uingie kichakani kwa ajili yangu."

Dume likaondoka. Kambini Egesa alisema na sufuria tu. Baba alikunywa supu akalala mchana kutwa. Nilikaa mlangoni pa hema lake nikimsikiliza anavyokohoa, nikajiuliza kama tumemleta mahali pa kuaibika polepole badala ya haraka. Sikufichi, usiku huo nilitamani turudi nyumbani.

Lakini asubuhi iliyofuata yeye ndiye aliyetuamsha. Owor alibadili mambo. Badala ya kumfuata nyati, alimketisha Baba juu ya kichuguu karibu na maji kabla hakujapambazuka vizuri, blanketi mabegani, akamwambia apumue tu. Mashariki kulipoanza kupauka, tukasikia mlio kutoka kwenye mawe ng'ambo ya bonde, mkwaruzo wa kwenda na kurudi, kama msumeno kwenye gogo kavu. Owor akamgusa Baba bega. Baba akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Alikuwa chui, na hakuwa wetu. Baba akatabasamu peke yake, kisha akayarudisha macho kwenye maji.

Nyati alikuja jua likichomoza, dume zee lililoachwa na kundi, pembe zimelika, masikio yamechanika. Lilikunywa. Baba akangoja. Niliutazama mgongo wake. Ukapanda, ukashuka, ukatulia. Akafyatua mara moja. Dume lilikimbia kidogo likapiga magoti, na Owor akalimalizia.

Baba hakushangilia. Alikwenda taratibu, akavua kofia, akaweka mkono kwenye lile paji la uso lililochakaa akakaa nalo. "Umri wetu mmoja," akasema. Nyama walipewa wenyeji wa pale, ndio utaratibu, na wanawake wao walikuja na masufuria wakimshukuru Mzee kwa lugha tusiyoijua. Usiku ule alilala bila kukohoa sana. Baba yako alikaa naye nje mpaka alipolala, na sikuwauliza walizungumza nini.

Aliishi muda baada ya hapo, akafa kitandani mwake akiwa na heshima yake yote. Pembe zile hazikuwa kubwa. Wageni walipozitazama hawakusema kitu. Yeye hakujali.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana ninaanza kuchoka tena. Kuuliza si ujinga, umefanya vyema kuuliza. Ila umeanza swali kwa mkia. Kabla hujauliza wapi kuna nyati wakubwa, uliza ni nani anayekwenda. Baba yako ana goti bovu tangu aanguke kwenye lori, na hatakwambia, kwa sababu ni mtoto wa baba yake. Mchukue mkatembee, hata huko Buhehe mashambani, na akianza kukuuliza majina ya miti, mjibu kwa adabu. Kisha chagua mahali panapolingana na goti hilo. Kama anataka chui, muulize kama anaweza kukaa kimya jioni nzima. Kama anataka nyati, hesabu mwendo wa kurudi kabla ya mwendo wa kwenda. Usikubali mahali panapokuahidi kila kitu. Uliza kibali ni cha mnyama gani, majira gani majani ni mafupi, zahanati iko wapi, na akijeruhiwa mnyama ni nani ataingia kichakani, ana watoto wangapi. Picha za simu hazitakujibu hayo. Na ikibidi kuacha kimoja, kiache mapema, kabla hakijakuacha.

Nenda, mwanangu. Mungu aitulize pumzi ya baba yako na kuulainisha mguu wake, awarudishe nyote wawili mezani kwenu mkiwa wazima, na siku utakapokuwa mzee nawe, akupe mtoto atakayetembea kwa mwendo wako bila kukuonyesha kwamba anakungoja.