Kibao cha Mnyang'anyi

Dada yangu hajui kusoma, na kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyekuwa akiyashika majina ya wafalme mikononi. Anafanya usafi katika jumba la makumbusho, lile lililokuwa jumba la kifalme kabla wafalme hawajaisha na tikiti hazijaanza. Ukumbini kuna picha nane za wafalme, na chini ya kila picha kibao cha shaba chenye lakabu ya mwenyewe. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, jumba likiwa limefungwa, dada huvifungua vibao vyote kwa bisibisi, huvipanga juu ya gazeti, huvisugua kwa majivu na ndimu mpaka uone meno yako ndani yake, kisha huvirudisha ukutani.

Mimi ni mdogo wake, na kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni. Nilikuwa naitwa Profesa. Chuo sikukanyaga hata uwanjani, ila wauza tikiti walinipa jina hilo kwa jinsi ninavyoongea, nami sikulikataa. Nani anakataa cheo cha bure?

Na lakabu zile ndizo zilizonipa ujiko. Mgeni hataki tarehe, anataka umwambie huyu aliitwa nani na kwa nini. Huyu ni Mshindi, nasema, aliyeshindwa vita vitatu akashinda kimoja, dhidi ya kaka yake, kaka mwenyewe akiwa kitandani anaumwa. Huyu ni Mrefu, na ile pale ni ngazi ya kupandia kitini. Huyu ni Mpenda Amani, maana haamki kabla ya adhuhuri, na vita vya zamani vilianza asubuhi. Wageni wanacheka, mimi naongeza chumvi.

Lakini kila mtu alisimama kwa yule wa sita, Mnyang'anyi. Mwembamba, uso mkavu, nyusi zimekutana juu ya pua. Hapo nilikuwa najisikia hasa! Jinsi alivyowachukulia wajane ng'ombe, jinsi alivyong'oa mlango wa nyumba ya mtu kwa sababu tu aliupenda. Wageni walikigusa kibao chake kwa kidole, sijui walitafuta nini. Wa saba, Mkarimu, mnene anayetabasamu, walimpita kama wanapita kabati.

Sasa mwaka huu mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada, akaja nyumbani siku moja amechomekea shati. Nikajua kuna jambo.

"Mjomba, nimepata mchumba."

"Hongera, baba! Binti wa nani?"

"Wa fundi cherehani, pale kona."

Nikaweka kikombe chini. Mji mzima unajua fundi yule ni wa ukoo wa mfalme wa sita. Huhitaji kuuliza, nyusi zipo. Baba yake alikuwa nazo, na binti naye anazo, maskini. Watu wakimpelekea kitambaa hawakiachi wakaondoka. Wanasimama pale mpaka amalize kukata, macho kwenye mkasi, asije akabana kipande. Mimi mwenyewe nilikuwa nasimama. Na wanawe walipokuwa shuleni, kalamu ya mtu ikipotea, mfuko wa kwanza kukaguliwa ulikuwa wao.

"Ukoo ule hauingii humu ndani," nikasema. "Baba yako hayupo, mimi ndiye wa kupeleka posa. Na sipeleki ng'o!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Bila mimi hakuna posa, na fundi si mtu wa kumtoa binti kwa kijana aliyekuja peke yake. Mpwa wangu aliondoka, chai yake nzima mezani. Dada alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati moja hilohilo mara tatu.

Nikiri jambo jingine. Miaka kumi na minne iliyopita fundi alikuja langoni kwetu kazini, kofia mkononi. "Bwana, lile jina si la babu yetu," aliniambia. "Babu yetu ni Mkarimu." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamjibu mbele za watu, "Fundi, kila mjukuu wa mnyang'anyi ana babu mkarimu!" Wauza tikiti walipiga makofi. Maneno yale niliyanogesha kwa wageni miaka yote hiyo.

Jumatatu ya kwanza iliyofuata dada akaniita ukumbini. Vibao vilikuwa juu ya gazeti.

"Nikuulize, mdogo wangu. Hivi viwili mlivibadilisha kwa sababu gani?"

"Nani kabadilisha?"

"Ninyi wenye kusoma." Akanishika kidole, akakipitisha kwenye kona ya kibao cha Mnyang'anyi. "Hapa pana pengo, nilikiangusha mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Kilikuwa cha huyu mnene. Hiki kingine kirefu kidogo ndicho kilichokuwa cha huyu mwembamba. Itazame mbao."

Nikaitazama. Chini ya mfalme mwembamba, pembeni mwa alama ya kibao, mbao ilikuwa na rangi mpya pande zote mbili, upana wa ukucha, mahali ambapo zamani palifunikwa na kitu kirefu zaidi.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wewe ndiye Profesa. Nilidhani mmegundua jambo."

"Tangu lini, dada?"

"Tangu siku mtoto alipovunjika mkono shuleni. Nilikimbia, nikakuachia wewe umalizie kufunga."

Yalaa! Nilikuwa na wiki mbili tu kazini siku ile, hata wafalme wenyewe sijawajua, na redioni kulikuwa na mpira. Sita nilivifunga kwa kufuata vilivyopangwa. Viwili vilivyobaki vilichanganyika, nikatazama nyuso. Mwenye nyusi zile nikaona ndiye mnyang'anyi. Anayetabasamu nikampa ukarimu. Nikakaza skrubu, nikaenda zangu. Ng'ombe wa wajane na mlango uliong'olewa nilivitunga baadaye, ngazini, nikisubiri wageni.

Kuvirudisha kulichukua dakika kumi. Kusema ndiko kulikonishinda. Nikajitungia mpango: nitaita utafiti. Nikachukua kitambaa cha koti, nikaenda kwa fundi na posa yangu.

"Fundi, utafiti mpya umeonyesha kwamba babu yenu..."

Alikuwa ameshaanza kukata. Akainua macho. "Kaa, bwana. Kitambaa chako hakina miguu."

Kumbe nilikuwa nimesimama namchunga mkasi! Nikakaa, uso unawaka.

"Utafiti wa nani?" akauliza.

"Wa wataalamu."

"Wataalamu gani?"

Fundi akaweka mkasi mezani taratibu. "Kijana wako nampenda. Huyo hajawahi kunisimamia. Lakini posa hapa siipokei. Ulinicheka langoni, mbele za watu. Njoo useme langoni, mbele za watu, halafu tutaongea mambo ya watoto."

Nikarudi nyumbani nimenywea. Dada alisikiliza yote, kisha akasema, "Basi nitasema ni mimi. Mimi sisomi, watanisamehe. Wewe una jina." Alisema kirahisi, kama mtu anayempisha mgeni kiti. Nililia, mtu mzima na mvi zangu. Nilimwonea dada yangu uchungu na mimi nikajiona takataka.

Jumamosi langoni kulijaa. Fundi alikuja na shati jeupe, binti yake pembeni, mpwa wangu upande wa pili akiwa kama mtu anayesubiri hukumu. Darasa zima la watoto wa shule lilikuwa kwenye foleni.

"Sikilizeni," nikasema, na sauti yangu ya kutembezea wageni ikanikimbia. "Mnyang'anyi si yule mwembamba. Ni mimi niliyemfunga jina hilo. Nilitazama nyusi, nikakaza skrubu. Hakuna utafiti, na dada yangu hana kosa. Huyu mzee alikuja kuniambia, nikamcheka. Fundi, nisamehe. Na kama bado inawezekana, namuombea mpwa wangu binti yako."

Mtoto mmoja wa shule akacheka. Nilimwacha, niliwahi kucheka zaidi yake.

Mpwa wangu akafumba macho. "Posa imefika," fundi akasema.

Mkuu wa jumba amenitoa kwenye kutembeza wageni. Nasugua vibao na dada, yeye ndiye bosi, na wauza tikiti sasa wananiita Bisibisi. Sina la kubisha, hili nimelifanyia kazi.

Jana nilipita kwa fundi kujaribu koti la harusi. Kina mama wawili walikuwa wanatoka, mikono mitupu. Ndani nilimkuta amekaa mbele ya vitambaa vyao, mkasi mkononi, hakati.

"Vipi, fundi?"

"Wameviacha," akasema. "Wameviacha wakaenda zao."